Sura Sitini na Nne

Haya nitakayoeleza yalitokea yote, moja baada ya jingine, na mimi nilikuwepo kwa miguu yangu hii miwili, wa kulia ukiwa na chuma ndani. Naapa kwa chuma hicho. Nikikutwa na uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, aliyenikuta aje nyumbani adai anachotaka, nami nitampa papo hapo bila kubembeleza nipunguziwe.

Nasema hivi kwa sababu watu wa hapa Ngumbwike wananisingizia kwamba natia chumvi. Eti kwa kuwa niliwahi kusema mvua za Tukuyu zilinyesha mfululizo hadi majani yakaota juu ya bati langu, nikapandisha mbuzi akale huko. Mbuzi alikuwepo. Muulizeni mke wangu Lugano, ila kwa sasa hayupo. Yuko Kyela kwa dada yake. Alikwenda kuota joto, mwaka wa nne huu, na joto limemkolea, baridi yetu haitaki tena.

Basi.

Jina langu Angolwisye Mwakibete, fundi mstaafu wa minara ya simu. Minara yenyewe ilishang'olewa zamani, simu sasa zinaongea na anga moja kwa moja. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa njia ya kuziharibu. Na pembeni ninapiga picha za harusi na kipaimara. Kwa hiyo Sekondari ya Ngumbwike ilipoletewa mashine nane za Tulizo, za kuwatoa wanafunzi soni, na ikakosa mtu wa kuziwasha, mwalimu mkuu alinifuata migombani, akanikuta na jembe, akaniambia, "Mzee Ango, acha hilo, tuna vitu vya kuharibu."

Wa kwanza kuletwa alikuwa Tusekile, wa kidato cha nne. Aliletwa na mama yake, Subilaga, mjane wa fundi seremala wa pale mtoni. Namwita mama huyo Mama Tuse kama kila mtu anavyomwita.

"Shikamoo, Mzee Ango."

"Marahaba, Mama Tuse. Na hicho kinachotikisika nyuma yako, umeota mkia?"

Mkia ulikuwa binti yake, kajificha kwenye upindo wa kitenge cha mama, kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Msichana mrefu kuliko mama, lakini alijua kujikunja. Nikamuuliza jina. Akafungua mdomo, akafunga. Jasho likamtoka puani.

"Anaitwa Tusekile," akasema mama yake.

"Sikukuuliza wewe."

"Najua. Lakini tutakaa hapa hadi mvua ya mwakani."

Shida ilikuwa hii. Tusekile alikuwa wa kwanza darasani kwenye Biolojia na Kemia, na alitaka uuguzi toka akiwa mdogo anafunga bandeji miguu ya kuku. Lakini chuo cha uuguzi hakimchukui mtu kwa karatasi peke yake. Unaitwa Mbeya, unakalishwa mbele ya watu watano, unajieleza. Na mtoto huyu alipoambiwa asome risala mbele ya shule, alitapika kwenye risala.

Nikamkalisha kwenye mashine ya tatu, ile isiyopiga kelele.

Kioo kinaleta sura kumi na sita kwa mpigo, mistari minne, nne nne. Kumi na tano zimenuna, moja inatabasamu. Kazi yako ni kuigusa inayotabasamu, upesi. Ukiigusa, zote zinafutika, zinakuja nyingine. Mara mia mbili kwa siku, siku arobaini. Kwenye paji la uso umefungwa utepe mwembamba unaofuata mboni zako. Jicho likisita kwenye sura iliyonuna, utepe unakutekenya vibaya, kama nzi anayetembea. Likiipita, utepe unaleta ujoto mtamu mpaka shingoni. Mwenye soni akiingia mahali penye watu mia, jicho lake linamtafuta yule mmoja aliyekunja uso. Tulizo inalifundisha jicho hilo kwenda kwingine.

Picha zilizokuja na mashine zilikuwa za watu wa nchi za mbali, na hazikufanya kazi. Siku ya kwanza tu mwanafunzi mmoja alinijia juu: "Babu, huyu mzungu akininunia inanihusu nini? Si shangazi yangu." Ndipo zikaletwa picha za watu wa kwetu, sura sitini na nne zilizonuna, za huku huku milimani. Zililetwa na kijana mmoja wa kampuni, mwembamba, jina limenitoka. Mimi nilizipakia tu. Zile za kutabasamu ndizo nilizotoa mimi, kwenye maharusi yangu.

Na hapo Tulizo ikashika.

Siku ya tano Tusekile alinisalimia kabla sijamsalimia. Siku ya kumi na tisa alimsahihisha mwalimu wa Biolojia mbele ya darasa, kwa adabu, na mwalimu akafuta ubao. Siku ya arobaini alipokea wageni wa mahafali getini, akawaongoza hadi vitini, akamwambia mkuu wa wilaya, "Karibu, mheshimiwa, kiti hicho kina mguu mbovu, kalia hiki." Mama yake alikuwa amesimama kwenye uzio na mkono mdomoni. Nilidhani anacheka. Nilikuwa mbali.

Mafunzo yakaisha, nikamvua utepe. Ilibaki kusubiri. Tulizo inahitaji siku sitini tangu ulipoanza; siku hiyo kilichofundishwa kinakauka kichwani kama saruji. Kabla ya hapo unaweza kukibomoa. Baada ya hapo hakuna nyundo.

Siku ya arobaini na sita alifariki bibi yake, mzaa mama.

Mnajua kwetu. Ukifika msibani hukai, hunywi maji, husalimii shemeji wala rafiki, hujafika bado mpaka umekwenda kwa mfiwa. Unamshika mikono miwili, unamtazama usoni. Kama una machozi unalia naye, kama huna unamtazama hivyo hivyo mpaka yeye akuachie. Ndipo unatafuta pa kukaa. Hata mlevi wa kijiji anajua hilo. Analala njiani akirudi, si akienda.

Mama Tuse alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kati ya wanawake, na kitenge chake cha kijani mabegani. Tusekile alitoka bweni asubuhi hiyo, akatokea kwenye kona ya migomba, amenyooka, kichwa juu. Mama akamwona, akanyoosha mikono.

Tusekile akapita.

Hakumkwepa. Alimpita kama mtu anavyopita nguzo ya baraza. Akawapita wanawake wote waliokuwa wanalia, akaenda moja kwa moja jikoni nyuma, kwa mjomba wa mama yake, kaka wa marehemu, mwenye mapengo, ambaye alikuwa anapasua kuni na kucheka jambo lake mwenyewe. Akamshika mikono huyo. "Shikamoo, Mjomba. Habari za siku?" Sauti safi, inasikika uwanja mzima. Kisha akazunguka na birika la maji ya kunawa, akiongea vizuri na kila mtu ambaye uso wake ulikuwa na unafuu.

Wanawake wakaanza. "Shule hiyo." "Kiburi tu." "Bibi yake ndiye aliyemlea, jamani."

Mikono ya Mama Tuse ilibaki imenyooka, na hakuna aliyeingia ndani yake, mpaka jirani mmoja akaishusha taratibu, akaifunika na kitenge.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Na nilijua mashine imefanya nini. Sikumwambia mtu.

Jumatatu jioni nilimwita Tusekile chumba cha kompyuta. Alikuja anapiga mluzi.

"Tuse, Jumamosi mama yako ulimwona?"

"Alikuwepo?"

"Msiba wa mama yake, asiwepo?"

Akakaa. Alifikiri kwa muda, kama anayetafuta funguo.

"Babu Ango, nikuambie kitu usinicheke. Siku hizi nikimtazama Mama naona kitenge. Naona wale ndege. Nikipandisha macho yanateleza, yanatua kwenye ukuta. Nilidhani ananificha uso. Nilidhani kuna kitu nimemkosea."

"Toka lini?"

"Sijui. Kabla ya mahafali. Nimeshaanza kumsahau pua."

Nilimwambia akachukue maji ya kunywa kwa mpishi, ili nipate nafasi. Nikafungua faili la Tulizo, nikapitisha sura zilizonuna moja moja. Ya thelathini na saba ilikuwa ya Mama Tuse. Kitambaa kichwani, midomo imeingia ndani, macho hayatazami kitu. Haikuwa sura ya kununa. Ilikuwa sura ya mtu aliyefiwa. Nikarudi mwanzo nikazitazama zote upya, na zote sitini na nne zilikuwa hivyo. Mara mia mbili kwa siku, siku arobaini, mtoto alifundishwa kukimbia machozi ya watu wa kwao, na ya mama yake yakiwemo. Nikajiuliza kijana yule wa kampuni alizipata wapi picha hizo.

Mama Tuse alifika kabla binti hajarudi, nilikuwa nimempelekea ujumbe tangu asubuhi. Nikamweleza: zimebaki siku kumi na mbili saruji ikauke. Naweza kuibomoa. Lakini Tulizo haibomoki nusu. Ikitoka, inatoka na ujasiri wake. Na mahojiano ya Mbeya ni siku ya sitini na moja.

"Atarudi vile vile?"

"Huenda. Huenda pungufu kidogo. Huenda zaidi."

Akaishika pembe ya meza.

"Mzee Ango, miaka kumi na sita nimemjibia mtoto huyu jina lake. Dukani, kanisani, hospitali. Nilikuwa najiuliza nikifa nani atamjibia. Sasa anajibu mwenyewe." Akavuta pumzi. "Muache."

"Hakuoni, Mama Tuse."

"Nimesikia. Ila wagonjwa wake watamwona. Muache."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kuacha ni rahisi. Nikanyoosha mkono kufunga faili.

"Umenifanya nini nisimwone?"

Tusekile alikuwa mlangoni na jagi la maji. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Akaja akakaa kwenye mashine ya tatu. "Nionyeshe hiyo picha, Babu."

Nikaileta, peke yake, imejaza kioo kizima. Akaitazama. Nikaona mboni zake zinakwenda kushoto, zinakwenda chini, zinarudi, zinateleza. Akajishika taya kwa mikono miwili ili kichwa kisigeuke. Hazikukaa.

"Kuna mtu hapo?" akauliza.

Mama yake akageukia dirishani.

"Kuna mtu," nikasema.

Tusekile aliendelea kukikodolea kioo mpaka kikazima chenyewe. Kisha akasema, kwa ile sauti yake mpya, nzuri, isiyotetemeka, "Wodini kuna vitanda thelathini. Nitampa dawa nani? Anayecheka?" Hakungoja jibu. "Bomoa, Babu. Niko tayari kutapika."

Sasa, kubomoa kuna kanuni yake. Mashine inataka sura moja yenye huzuni, mbichi, ambayo haikuwa kati ya zile sitini na nne, maana zile jicho limeshazifuta. Na iwe ya mtu ambaye mwanafunzi amezoea kumwona akicheka, ili jicho limwendee lenyewe kabla halijakumbuka kukimbia. Inawekwa sura hiyo kati ya kumi na tano zinazotabasamu, na mwanafunzi anaitafuta. Na lazima huzuni iwe ya kweli. Utepe unasoma misuli midogo chini ya jicho, ya uongo unaikataa.

Siku tatu nilihangaika. Nilimleta mpishi wa shule, mcheshi, nikamwambia ahuzunike. Akatoa sura ya mtu aliyekula pilipili. Imekataliwa. Mwalimu wa michezo akalia kabisa, machozi yanadondoka, nikadhani tumepata. Imekataliwa, baadaye nilikuta amejipaka kitunguu. Yule mjomba mwenye mapengo nikamwambia fikiria dada yako tuliyemzika juzi. Akafikiria, akaanza kusimulia jinsi dada huyo alivyowahi kuanguka na debe la pombe, tukacheka wote wawili mpaka chuma cha mguu kikaniuma.

Zilibaki siku tisa. Mama Tuse akaja, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa amevaa kitenge kile kile. Nilishaona kwamba sasa anavaa hicho tu, kila siku, ili kuwe na kitu mtoto anachokijua.

"Ile picha yangu," akasema. "Ilipigwa lini?"

"Hiyo waulize kampuni. Kijana wao ndiye aliyeleta."

"Nimejifunga kitambaa cheupe chenye fundo kushoto. Nilikifunga hivyo siku moja tu maishani mwangu, siku tuliyomzika baba yake Tuse, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Na siku ile, Mzee Ango, makaburini palikuwa na kamera moja."

Nikaanza kuzungumzia kamera, kwamba siku hizi kila simu ni kamera, hata miwani.

"Moja," akasema. "Yako. Unapiga harusi na kipaimara, na misiba. Misiba yote ya huku unapiga wewe, miaka ishirini, tunakuita wenyewe ili tuwe na kumbukumbu. Sura sitini na nne zilizonuna ungezipata wapi kwingine? Mtu wa kwetu ukimwelekezea kamera anacheka. Hajawahi kuwepo kijana wa kampuni."

Hajawahi kuwepo. Basi, amenikuta, nawe msomaji ulikuwepo akinikuta. Nilihitaji sura zilizonuna na sikuzipata, nikafungua sanduku la misiba, nikachagua zilizokaa vizuri kwenye mwanga. Sikuuliza mtu. Niliona midomo imeshuka, nikasema hizi zinatosha. Ya Mama Tuse niliitambua nilipokuwa naipakia, nikaipakia.

"Uliapa kwa mguu wako huo, kijiwe kizima tunakijua kiapo chako," akasema. "Aliyekukuta adai anachotaka. Au nacho kilikuwa cha mbuzi juu ya bati?"

"Dai, Mama Tuse."

"Ulichukua sura yangu. Nataka yako."

Nikacheka. Sikukusudia, uso wangu umezoea. Akanikalisha kwenye kiti cha mashine ya tatu, akanifunga utepe pajini, akachukua kamera yangu mwenyewe, akaielekeza. Nikajaribu kuhuzunika. Mashine ikakataa. Nikamfikiria Tusekile akipita mkekani. Nikaona haya, lakini haya si huzuni, mashine ikakataa. Mara ya tatu, ya nne. Nikasema kitu kuhusu kitunguu cha mwalimu wa michezo. Yeye hakucheka.

"Mzee Ango. Lugano yuko wapi?"

"Kyela. Kwa dada yake. Joto—"

"Mimi ndiye niliyemwosha."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Akangoja.

"Mimi na dada yake huyo wa Kyela, aliyepanda kuja huku siku tatu kabla. Nilimvika soksi za sufu kwa sababu ulisema miguu yake hupata baridi. Kisha ukatoka nje ukawahadithia watu habari ya mbuzi, tukakuacha. Miaka minne tumekuacha. Watu wanakuuliza mkeo hajambo, kwa heshima tu. Sasa nalipwa. Lugano yuko wapi?"

Nilitaka kusema Kyela. Mdomo ulishajiweka. Badala yake nikasema yuko nyuma ya nyumba, chini ya migomba mitatu, upande usiopata jua, na kwamba siwezi kupita upande huo, nazunguka kwa jirani kwenda chooni. Nilisema na mengine, sikumbuki. Sikusikia kamera. Niliposhtuka mashine ilikuwa imetoa ule mlio wake mdogo wa kukubali, na Mama Tuse alikuwa ameweka kamera chini, amenishika mikono miwili, ananitazama. Hakuniachia upesi.

Siku nane Tusekile alikaa na utepe akitafuta uso wangu kati ya maharusi. Mara mia mbili kwa siku. Nilikaa pale pale pembeni yake, maana mimi ndiye ninayewasha mashine, na mama yake alikaa kwenye benchi la mlangoni na kitenge chake. Siku ya pili mtoto alianza kutoka jasho puani. Siku ya nne aliacha kunisalimia, akawa anaingia akitazama viatu. Siku ya sita alitapika, nikapangusa.

Niseme na ya Mbeya kabisa, nisije nikaambiwa nimeyaficha. Alikwenda. Mbele ya watu watano alisema jina lake, akasema shule yake, na baada ya hapo hakuna kilichotoka. Wamemwandika kwenye orodha ya akiba, wa kumi na nne, na kwenye akiba huchukuliwa watatu tu. Atajaribu tena mwakani, bila utepe.

Lakini siku ya sitini ilikuwa kabla ya hapo. Ilikuwa saa tisa alasiri, imebaki mizunguko michache. Mkono wa Tusekile ukanyooka kwenye kioo, ukanigusa, kama ulivyonigusa mara elfu. Zamu hii haukutoka. Kidole kilibaki juu ya shavu langu kwenye kioo, na macho yake yakakaa hapo. Hayakuteleza.

Akanigeukia mimi wa kwenye kiti.

"Babu Ango," akasema, kwa sauti ile ya zamani, ndogo, ya kupasuka pasuka. "Nani amekufa?"

"Bibi Lugano."

"Lini?"

"Miaka minne."

"Pole, Babu."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa." Akavua utepe. Kisha akageuka kwenye benchi. Nikaona macho yanaanzia chini, kwenye ndege weupe, yanapanda pole pole, yanafika kwenye shingo, yanasita. Mama yake alikuwa amejiandaa, alikuwa ameweka tabasamu, kubwa, la harusi, kumrahisishia.

"Mama, usifanye hivyo," akasema Tusekile.

Tabasamu likaondoka.

Mtoto alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga sakafu.

"Mama," akasema. "Umekonda."